Mistari inayohama ndani ya leza pana: namna ya kuiona, kuipima, na kutodanganywa na kamera

Chukua diodi ya leza ya nanomita 976 yenye ukanda (eneo linalotoa mwanga) wenye upana wa mikromita 100, ipe mkondo wa ampea 3, kisha rusha taswira ya uso wake kwenye kamera. Hutaona mwanga uliotandazwa sawasawa. Utaona mafungu ya mwanga mkali yamepangana ubavu kwa ubavu, mengine manene, mengine membamba, na katikati yao mapengo yenye giza hafifu. Karibu kila anayeiona picha hiyo kwa mara ya kwanza husema "hizi ni filamenti" (nyuzi za mwanga uliojibana wenyewe) na kuendelea na kazi. Mara nyingi si filamenti. Na hata pale zinapokuwa filamenti kweli, picha hiyo haijathibitisha hivyo. Kamera iliyofunguliwa kwa milisekunde 1 inapiga picha ya kitu kinachobadilika kila baada ya pikosekunde 100 au chini ya hapo, kwa hiyo kilichobaki kwenye skrini ni wastani wa hali zipatazo milioni 10. Andiko hili linahusu namna ya kutenganisha vitu vitatu vinavyofanana sana kwenye picha hiyo, kwa vipimo vinavyoweza kufanywa mezani.

Kwanza tuelewane kuhusu leza zenyewe. Diodi za kusomea diski au za viashirio zina ukanda wa mikromita chache tu, na humo mwanga hauna nafasi ya kujipanga kwa namna zaidi ya moja. Leza pana ina ukanda wa mikromita 50 hadi 400 na chumba (nafasi ambamo mwanga huenda na kurudi kati ya nyuso mbili za leza) chenye urefu wa milimita 1 hadi 6. Inatoa wati 10 na zaidi kwenye kipande kimoja. Ndizo zinazosukuma leza za faiba kwenye mashine za kukata chuma zinazoonekana siku hizi katika karakana za Nairobi na Dar es Salaam, na safu zake za nanomita 808 zimo ndani ya mashine nyingi za saluni za kuondoa nywele.

Kwa wima, njia ya mwanga ina unene wa mikromita 1 hivi na modi (namna ambayo mwanga unaweza kujipanga) ni moja tu. Mwale hutawanyika wima kwa nyuzi 30 hadi 40, lakini kwa utaratibu, na lenzi nzuri inaunyoosha. Kwa mkingamo, upana ni kama mara mia ya urefu wa wimbi. Upande huo mwale unatawanyika nyuzi 8 hadi 12 tu, ila umevurugika ndani, na hakuna lenzi inayoweza kuurudisha kuwa doa dogo kwenye faiba. Hasara yote ya ubora iko upande huo mmoja.

Vitu vitatu vinavyochora mistari

Cha kwanza ni modi za mkingamo. Ukanda wenye upana w unaruhusu mawimbi yanayosimama: modi namba m ina vilima m vya mwanga, na inatoka nje kwa pembe ambayo sini yake ni mλ/2w kila upande. Kwa nanomita 976 na mikromita 100, modi ya 10 inatoka kwa nyuzi 2.8 kulia na 2.8 kushoto. Modi ya 18 inafika nyuzi 5. Kwa hiyo mwale uliofunguka jumla ya nyuzi 10 unakuambia kwamba modi kumi na kitu zinaweza kuwa zinawaka pamoja, bila kutaja filamenti hata moja. Modi hizi zikibaki peke yake hazihami. Vilima vyake vinakaa pale pale.

Cha pili ndicho filamenti. Katika nusu-kipitishi, wingi wa vibebachaji (elektroni na matundu yake) unashusha kipimo cha mpindo wa mwanga (kadiri kitu kinavyopunguza kasi ya mwanga na kuupinda). Palipo na mwanga mkali, vibebachaji vinaliwa upesi, vinapungua, na kipimo cha mpindo kinapanda mahali hapo. Mwanga huvutwa kuelekea penye kipimo kikubwa, kwa hiyo fungu linazidi kujibana lenyewe. Kinachozuia lisijibane bila mwisho ni difraksheni pamoja na msambao wa vibebachaji, ambavyo husafiri mikromita kadhaa kabla ya kuisha. Matokeo yake ni mafungu yenye upana wa mikromita 10 hivi. Lakini fungu limekausha mahali pake, na hatua chache pembeni kuna akiba ambayo haijaguswa. Ni sawa na watu kwenye bomba la mtaa: maji yakipungua nguvu, foleni inahamia bomba la jirani, na hilo nalo muda si muda linapungua nguvu. Filamenti inahamia pembeni, jirani inazimika, nyingine inazuka. Ndiyo sababu haitulii.

Nguvu ya mwingiliano huu hupimwa kwa namba alfa, ambayo Charles Henry aliiingiza mwaka 1982 alipokuwa anaeleza upana wa mstari wa spektra wa leza za diodi. Kwa tabaka nyembamba za kwantumu za InGaAs (nusu-kipitishi cha indiamu, galiamu na aseniki) huwa kati ya 2 na 3 hivi. Kwa vifaa vya zamani ilifika 5 na zaidi. Namba ikiwa kubwa, filamenti zinazuka mapema na kwa ukali. Nadharia ya kujibana huko ilikuwapo hata kabla ya Henry, kwani G.H.B. Thompson aliiandika mwaka 1972. Mwendo wenyewe ulionekana vizuri katikati ya miaka ya 1990, pale Hess, Koch na Moloney walipouchora kwa kompyuta mwaka 1995, na Fischer, Hess, Elsäßer na Göbel wakaunasa mwaka 1996 kwa kamera ya striki, ile inayotandaza muda kwenye mhimili mmoja wa picha na kutenganisha pikosekunde. Picha zao zinaonyesha mafungu yakivuka ukanda kwa mshazari, yakigonga ukingo na kurudi.

Cha tatu ni lenzi ya joto. Katikati ya ukanda ni moto kuliko kingo zake. Kwa GaAs na jamaa zake, kipimo cha mpindo hupanda kwa takriban 0.0003 kwa kila nyuzijoto 1. Tofauti ya nyuzijoto 3.3 tu kati ya katikati na nje inatosha kuleta tofauti ya 0.001, na hiyo pekee inaweza kushikilia mwanga hadi pembe ya radiani 0.08, yaani karibu nyuzi 4.7 kila upande. Linganisha na nyuzi 10 za jumla tulizotaja. Sehemu kubwa ya upanukaji wa mwale kadiri unavyoongeza mkondo ni joto linalofungua mlango kwa modi za juu. Anayelaumu filamenti kwa kila kitu anaishia kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Meza

Usalama kwanza. Nanomita 976 haionekani kwa jicho, na wati 2 zinatosha kuharibu retina kabla hujapepesa. Vaa miwani iliyoandikwa urefu huo wa wimbi, funga njia ya mwale kwa chuma cheusi, na usiiname hadi usawa wa meza. Diodi yenyewe nayo ni dhaifu kwa namna yake: umeme tuli wa mkono unaiua kimyakimya. Vaa kamba ya kutua umeme, acha miguu ya diodi ikiwa imeunganishwa pamoja hadi dakika ya mwisho, na weka diodi ya Schottky kinyume chake ili volti za nyuma zisipite. Kwenye kifungashio cha aina ya C, mwili wa shaba kwa kawaida ndio anodi; hata hivyo soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuunganisha.

Kwa somo hili chagua leza yenye chumba kifupi, milimita 1, hata kama za milimita 4 zina nguvu zaidi na bei nzuri. Sababu itaonekana kwenye spektra. Ifunge kwenye kipande cha shaba kilichosuguliwa hadi kikawa bapa, karatasi nyembamba ya indiamu katikati, kipoza cha Peltier chini, na themista (kihisi cha joto) ya kilo-omu 10 karibu kabisa na leza. Themista ikiwa mbali sentimita 2, unapima shaba, hupimi leza. Mkondo utoke kwenye chanzo cha mkondo thabiti kinachopanda polepole. Vyanzo vya kubadilisha volti kwa kasi vina kelele za umeme zinazojitokeza baadaye kama "mienendo" ya leza.

Mwanga ukusanywe na lenzi yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi inakusanya mwanga) ya 0.5 au 0.6, fokasi milimita 8. Ukiiunganisha na lenzi ya pili ya milimita 200 unapata ukuzaji wa mara 25: mikromita 100 za ukanda zinakuwa milimita 2.5 kwenye kamera. Kwa pikseli za mikromita 5, kila pikseli ni mikromita 0.2 ya leza, na filamenti moja inachukua pikseli 50. Hiyo ni zaidi ya kutosha.

Fokasi ndiyo inayowashinda wengi. Ukitafuta fokasi leza ikiwa inawaka, kila umbali unakupa mistari fulani inayopendeza, na huna njia ya kujua ipi ndiyo ya uso wenyewe. Shusha mkondo chini ya kizingiti, yaani mkondo ambao leza huanza kuwaka. Hapo ukanda unang'aa kama taa hafifu, bila modi, na kingo zake mbili ni za kukata. Sogeza lenzi hadi kingo ziwe kali kabisa, kaza skrubu, ndipo upandishe mkondo. Picha hiyo ya chini ya kizingiti ihifadhi: ukiona humo alama nyeusi au mstari mweusi, hiyo ni kasoro ya kioo cha leza au uchafu juu ya uso, na itakuwa pale pale katika kila picha utakayopiga baadaye. Mistari ya kweli ya mwanga hubadilisha nafasi mkondo unapobadilika. Kasoro haibadiliki.

Kisha kupunguza mwanga. Usiweke kichujio cha kijivu moja kwa moja mbele ya wati 2. Kinapata joto, kinavimba katikati, na tayari umejitengenezea lenzi nyingine. Tumia akisi ya kioo kisichopakwa chochote: asilimia 4 inarudi, na vioo viwili mfululizo vinakuachia asilimia 0.16. Vichujio vifuate baada ya hapo. Vioo hivyo viwe vya kabari, visiwe bapa. Kioo bapa kina nyuso mbili sambamba, akisi zake mbili zinakutana kwenye kamera na kuchora michirizi iliyonyooka, yenye nafasi sawa, mizuri ajabu, ambayo haihusiani na leza. Kioo cha kufunikia kihisi cha kamera kinafanya vivyo hivyo. Kipimo chake ni chepesi: geuza kioo kwa sehemu ya nyuzi moja. Michirizi ikitembea huku kingo za ukanda zimetulia, si ya leza.

Pembe nayo ina madhara. Kwa nyuzi 45, kioo kinaakisi karibu asilimia 9 ya polaraizesheni moja (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi) na chini ya asilimia 1 ya nyingine. Lehemu inayoivuta diodi huzalisha mwanga wa polaraizesheni ya pili hasa karibu na kingo, na kwa pembe hiyo utaupoteza usijue. Kaa chini ya nyuzi 10. Na hakikisha hakuna uso unaotazamana na leza moja kwa moja, kwa sababu mwanga unaorudi ndani, hata kwa kiasi kidogo sana, unaibadilisha ruwaza yote. Ukisukuma lenzi kidogo mno, sehemu ya mikromita, na mistari ikaruka, una mwanga unaorudi.

Kwa uga wa mbali, yaani sura ya mwale kwa pembe badala ya nafasi, tumia lenzi ya milimita 25 na uweke kamera kwenye fokasi yake ya nyuma. Nyuzi 5 zinaangukia milimita 2.2 kutoka katikati. Lenzi ya milimita 50 itakutoa nje ya kihisi cha kawaida.

Spektra ndiyo shahidi

Hapa ndipo jambo linapoamuliwa. Elekeza taswira ile ile ya uso kwenye mwanya wa spektrometa ya taswira, ukanda ukiwa sambamba na mwanya. Gretingi ya mistari 1200 kwa milimita na fokasi ya mita 1 itakupa mwonekano wa nanomita 0.02 hadi 0.03. Kwenye kihisi, mhimili mmoja ni nafasi kwenye ukanda na mwingine ni urefu wa wimbi.

Chumba cha milimita 1 kina modi za urefu (zinazopangwa na urefu wa chumba) kila baada ya nanomita 0.125 hivi, kwa kipimo cha mpindo wa kundi (kile kinachohusu kasi ya mapigo ya mwanga) cha 3.8. Kila modi ya urefu inabeba kundi lake la modi za mkingamo, na ndani ya kila kundi, modi ya mkingamo namba m inasogea kuelekea urefu mfupi wa wimbi kwa λ³m²/(8·n·nₖ·w²), ambapo n ni kipimo cha mpindo cha kawaida na nₖ ni kipimo cha mpindo wa kundi. Kwa leza yetu ni nanomita 0.00093 mara m². Modi ya 10 iko nanomita 0.093 kutoka mwanzo wa kundi, ya 11 iko 0.112, na ya 12 tayari imevuka kuingia eneo la kundi la jirani. Modi za chini, 1 hadi 5, zimebanana kiasi kwamba spektrometa hii haizitenganishi. Lakini kuanzia 9 au 10 utaziona moja moja, kila moja ikiwa safu ya madoa, na idadi ya madoa ni namba ya modi. Hesabu madoa, pima nafasi, chora dhidi ya m². Zikilala kwenye mstari ulionyooka, unatazama modi, na mwinamo wa mstari unakupa upana halisi wa ukanda unaoushika mwanga. Upana huo ukitoka mikromita 90 wakati kwenye karatasi ni 100, lenzi ya joto imeshaanza kubana.

Kwa chumba cha milimita 4, makundi yako nanomita 0.031 tu. Kila kitu kinapandana na picha ni uji. Ndiyo sababu ya kuchagua kifupi.

Filamenti zinazohama zinatoa sura nyingine. Kitu kinachobadilika kila pikosekunde 100 kinapanua mstari wake wa spektra kwa gigahezi 10 hivi, ambazo kwa nanomita 976 ni nanomita 0.03. Hivyo madoa yanafutika kingo, safu zinavunjika, na mwanga wa upande mmoja wa ukanda unakuwa na urefu wa wimbi tofauti kidogo na wa upande wa pili. Kwa leza nyingi, karibu na kizingiti unaona modi safi. Ukienda mara 1.5 au 2 ya kizingiti zinaanza kuchanganyika. Si swichi inayowashwa na kuzimwa. Modi na filamenti ni namna mbili za kueleza mwanga mmoja, na swali lenye maana ni ipi inaeleza vizuri zaidi kwa mkondo uliopo.

Kutenga joto ni rahisi zaidi. Endesha leza kwa mapigo ya nanosekunde 50 hadi 100, mara 1000 kwa sekunde, kwa kilele kile kile cha ampea 3. Muda huo hautoshi kujenga tofauti ya joto kati ya katikati na kingo, lakini ni mrefu sana kwa filamenti, ambazo zinazuka ndani ya nanosekunde ya kwanza. Mistari ikibaki na mwale ukajibana, upana ulikuwa wa joto. Mistari na upana vikibaki vile vile, joto halina hatia. Spektra pia ni kipimajoto: kila modi inasogea nanomita 0.06 hadi 0.08 kwa nyuzijoto moja, na kilele cha ukuzaji (hapa ni ukuzaji wa mwanga ndani ya leza, si ule wa lenzi) nanomita 0.3 hivi.

Kamera ya striki ni ghali na wachache wanayo. Njia mbadala ipo. Kwenye taswira iliyokuzwa mara 25, weka mwanya wa mikromita 250, ambao unachukua mikromita 10 tu za ukanda, na nyuma yake fotodiodi ya gigahezi 10 na kichambuzi cha masafa. Mwanya ni wa lazima. Ukipima mwanga wote kwa pamoja, fungu moja linapopanda jirani yake linashuka, jumla inabaki karibu tambarare, na utaapa kwamba leza imetulia. Kwa mwanya utaona vilele: tofauti ya modi ya 1 na 2 iko gigahezi 0.9 hivi, ya 10 na 11 iko karibu gigahezi 6. Vilele vyembamba ni modi zinazopigana. Sakafu pana iliyoinuka kwa gigahezi kadhaa ni filamenti. Ukiwa na fotodiodi mbili kwenye nafasi mbili za ukanda, linganisha ishara zake kwenye osiloskopu ya kasi: ucheleweshaji kati yake ndio muda wa fungu kusafiri kutoka hapa hadi pale.

Leza pana ya wima

Kwa anayetaka kuona ruwaza zikiwa safi kabisa, leza inayotoa mwanga kupitia uso wa juu, VCSEL, yenye tundu moja la mikromita 80 hivi ni bora kuliko ile ya ukingo. Hakikisha ni tundu moja pana, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa nguvu kubwa ni safu za matundu madogo. Chumba chake ni kifupi mno, karibu na urefu wa wimbi lenyewe, kwa hiyo modi ya urefu ni moja. Mwanga hauna pa kukimbilia isipokuwa pembeni.

Kanuni yake ilishaandikwa kwenye hesabu za leza pana na Jakobsen, Moloney, Newell na Indik mwaka 1992: ikiwa masafa ya ukuzaji yako juu ya masafa ya chumba, leza haiwaki kwa kunyooka. Inawaka kwa mshazari, kwa pembe inayofidia tofauti hiyo. Yakiwa chini, inawaka kwa kunyooka. Kwenye VCSEL tofauti hiyo inashikwa kwa kitasa cha joto. Kilele cha ukuzaji kinasogea nanomita 0.3 kwa nyuzijoto, chumba 0.07 tu. Ukipoza, ukuzaji unakimbilia urefu mfupi na kuacha chumba nyuma, na mwanga unainama.

Tofauti ya nanomita 1 kwa leza ya 850 inatoa nje pembe ya nyuzi 9.5 hivi, ukichukua kipimo cha mpindo cha 3.4. Mawimbi mawili yanayoinama kwa kuelekeana yanachora mistari kila baada ya mikromita 2.6, yaani karibu mistari 30 kwenye tundu la mikromita 80. Poza tena nyuzijoto 4 au 5 na tofauti inaongezeka nanomita 1 nyingine. Pembe inakua kwa kipeuo cha pili, kwa hiyo mistari haiongezeki maradufu bali mara 1.4. Kwenye uga wa mbali utaona pete, au madoa manne ikiwa tundu ni la mraba, kwa kuwa kuta za mraba zinaruhusu wimbi lililoinama kurudi kwenye njia yake baada ya kugonga pande nne. Mwaka 1999 kikundi cha Hegarty, Huyet, Porta na McInerney kilichapisha ruwaza za namna hii.

Tahadhari moja kwa wa Pwani. Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam wakati wa unyevu, umande unaanza kuganda kwenye kitu chenye nyuzijoto 23 au 24. Ukishusha leza hadi 15 bila kuifunika, matone madogo yanakaa juu ya uso wake na kila tone ni lenzi. Ruwaza inakuwa ya ajabu, inabadilika polepole kwa dakika, na kisha leza inakufa. Ifungie kwenye kisanduku chenye dirisha la kabari, upulize naitrojeni kavu au uweke silika jeli mpya, na usubiri unyevu ushuke kabla ya kuwasha Peltier.

Kompyuta, na yanayofanywa na ruwaza hizi

Wanaopenda kuiga leza kwa programu wajue mtego mmoja mkubwa. Ukirahisisha hesabu kwa kuondoa utegemezi wa ukuzaji kwa masafa, ruwaza ndogo kabisa zinakua bila kikomo na matokeo yanategemea wavu wako wa hesabu. Utaona filamenti za mikromita 1 na kudhani umegundua kitu. Weka kichujio cha ukuzaji. Tumia hatua ya mikromita 0.25 hadi 0.5 kwa mkingamo, dirisha lenye upana mara 2 au 3 ya ukanda, na kingo zinazonyonya mwanga, la sivyo mwanga unaotoka kulia unarudi kushoto. Kwa urefu, hatua ya mikromita 10 inamaanisha muda wa pikosekunde 0.127, na mzunguko mmoja wa chumba cha milimita 1 ni pikosekunde 25. Wastani wa nanosekunde 20 hadi 50 baada ya kuwaka unatosha kulinganisha na kamera, lakini linganisha na spektra pia. Picha za uga wa karibu (taswira za uso) zinafanana hata pale hesabu ilipokosewa. Taasisi ya Weierstrass mjini Berlin ina programu ya kazi hii, BALaser.

Tiba ni nyingi na kila moja ina gharama yake. Leza ya tepa huanza na njia nyembamba ya modi moja na kupanuka polepole, ila inadai upakaji mzuri sana wa uso wa mbele ili mwanga usirudi. Kuchonga elektrodi ili mkondo upungue karibu na kingo kunazima modi za juu kwa bei nafuu. Mwaka 2018 kikundi cha Hui Cao wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walionyesha kwamba chumba chenye umbo la herufi D, ambamo miale inazagaa bila mpangilio, kinazuia filamenti kuundwa. Unapata leza tulivu, lakini hupati mwale mwembamba, kwa hiyo inafaa kuangazia kuliko kukata. Kwa mwale mwembamba wenye nguvu, matokeo ya Kyoto ya mwaka 2023 ndiyo ya kutazama: kikundi cha Susumu Noda kilipata wati 50 mfululizo kutoka leza ya fuwele za fotoni yenye kipenyo cha milimita 3, ikitawanyika nyuzi 0.05 tu. Hapo modi moja imelazimishwa na muundo wenyewe wa uso.

Na kuna waliozigeuza vurugu kuwa kazi. Mwaka 2021 Kyungduk Kim, Cao na wenzao walitengeneza leza pana yenye kiuno chembamba katikati, ili modi nyingi za mkingamo ziwake pamoja na kupigana kwa mpangilio usiotabirika. Waligawa uso wake katika nafasi zaidi ya mia moja, wakasoma kila nafasi kwa kamera ya striki, na wakapata biti za nasibu kwa kasi ya terabiti 250 kwa sekunde. Walihitaji nafasi nyingi zisizofuatana, kwa hiyo walichagua umbo linalozuia filamenti, kwa kuwa filamenti zinafunga majirani pamoja na kupunguza unasibu.